Chuku za Alhamisi

Miaka minne Vuai alimwambia dada yake uongo ule ule: "Damu yangu hawaichukui, dada. Kwa ngozi hii?" Kisha huvuta mikono ya shati kufunika viwiko vyake vyenye mabaka na magamba ya soriasisi, na Sikuzani, maskini, humwonea huruma asiulize zaidi. Kumbe Vuai hakuwahi hata kwenda kituo cha kutoa damu. Aliogopa nesi amtazame kama walivyomtazama wenzake wa skuli Unguja, waliokataa kunywa maji katika kikombe chake.

Na Saleha, binti wa Sikuzani, ana selimundu. Kila baada ya wiki chache huongezewa damu, na inayomfaa zaidi ni ya watu weusi kama wao, nayo huku ughaibuni ni adimu. Mwezi uliopita ilichelewa siku tatu. Mtoto alilia kwa maumivu mpaka sauti ikakauka. "Mjomba," akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "waulize tena."

Tena! Vuai alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku hiyo hiyo akaomba nafasi ya kutoa damu.

Lakini aibu haikumwachia. Alhamisi akaenda mtaa wa Alum Rock kwa mpiga chuku, amtoe damu chafu, ngozi itulie, asiende kwa watu akiwa anatisha. Akachanjwa mgongo kwa wembe, akafyonzwa damu kwa vikombe, akatoka akijiona safi.

Jumamosi, kituoni, nesi Trupti alikishika kiwiko chake, akakigeuza, wala uso haukukunjika. "Hii haina neno. Sindano inaingia hapa, na hapa ni pazima. Je, umechanjwa au kutobolewa popote karibuni?"

Vuai akajibu kwa fahari kabisa: chuku, juzi.

Trupti akaweka kalamu chini. Pole sana, alisema, hilo ndilo tatizo: wembe huweza kutia maradhi katika damu. Arudi baada ya miezi kadhaa.

Vuai alipotoka nje, Sikuzani akampigia simu. "Wamekukatalia?"

"Wamenikatalia, dada."

"Basi usijilaumu, mdogo wangu. Ni ngozi tu hiyo."

Loo! Dada mwenyewe kamfungulia mlango wa kuponyoka, na Mungu anajua alivyotaka kuupita. "Ngozi haina neno," akasema. "Haikuwa na neno tangu mwanzo. Sikuwahi kuwauliza."

Upande wa pili alimsikia Saleha akiuliza kama mjomba ameshatoa. Sikuzani akakata simu.