Panya Ambao Hawakufa

Mwaka 1943, Muhidini akiwa dresa, msaidizi wa daktari wa serikali, pale Bagamoyo, shemeji yake Pazi, mkulima wa Makurunge, aliletwa kwa machela akiwa na homa kali, macho yamepiga manjano kama binzari. Muhidini alimtoa damu kwa mkono wake mwenyewe, ikapelekwa maabara ya mbali huko bara, safari ya siku nyingi kwa gari moshi na meli. Kabla jibu halijafika Pazi alikwisha kupona, karudi shambani.

Daktari Mzungu alilisoma jibu akiwa amesimama. Damu ya Pazi ilikuwa na alama ya homa ya manjano, ile inayoenezwa na mbu. Panya weupe walikuwa wamedungwa vijidudu vya homa hiyo pamoja na maji ya damu ya Pazi. Mtu ambaye homa hiyo haijampata, damu yake haina kinga, na panya hufa. Hawa hawakufa hata mmoja.

Basi nyumba saba za Makurunge zikaamriwa kuhamia karantini kwa siku thelathini, katika vibanda vya makuti vilivyozungushiwa seng'enge. Watu waligoma mpaka Muhidini alipokwenda kuwasihi. Mke wa Pazi, Ashatu, alikuwa dada yake wa tumbo moja, na mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Alimuuliza kaka yake kama ana hakika. Muhidini akamjibu kuwa kipimo kile hakina mchezo. Ashatu akakunja mkeka wake, akatoka.

Siku ya kumi na tisa, Ijumaa asubuhi, uchungu ukamshika. Mkunga, Bi Mwanahija, akafika langoni na kifurushi chake. Daktari alikuwa amekwenda Ubena hadi kesho yake. Ufunguo alikuwa nao Muhidini, na amri ilisema haingii mtu wala hatoki, ila yeye na daktari.

"Nifungulie, mwanangu," Bi Mwanahija alisema. "Nasikia mkono wa mtoto umetangulia."

Muhidini akamweleza kuwa akitoka humo atawapelekea maradhi wazazi wa mji mzima. Bibi akasema basi hatatoka, atakaa humo humo hadi siku ziishe. Hata hivyo Muhidini hakufungua. Aliogopa maradhi, aliogopa na kazi yake. Akasema atamzalisha dada yake mwenyewe, naye maisha yake yote alikuwa amefunga vidonda tu na kudunga sindano.

Adhuhuri mtoto alikuwa amekwisha kufa. Ashatu alitokwa na damu mpaka alasiri, akamfuata mwanawe. Waliwazika mle mle ndani ya seng'enge.

Mjini ukazuka uvumi kwamba mkunga aliogopa kuingia. Wanawake wakaacha kumwita. Muhidini aliyasikia hayo, akanyamaza.

Mwezi mmoja baada ya kambi kufunguliwa, ikaja barua ya pili. Daktari aliitia kwenye faili, akamwonya Muhidini asiitoe nje, lakini Muhidini alikwisha kuisoma. Vijidudu vya kipimo cha kwanza viliharibiwa na joto mle maabara kabla ya kutumiwa. Hata wale panya waliodungwa vijidudu hivyo bila damu ya mtu yeyote, ambao lazima wafe, walipona, na hakuna aliyekitazama kizimba chao. Damu ya Pazi iliyotolewa kambini ilipimwa upya, na panya wote wakafa. Homa ya manjano haikupata kumgusa.

Siku ile ile Muhidini alikwenda Makurunge kwa miguu. Alimkuta Pazi akipalilia muhogo, akamweleza yote, ya panya na ya lango. Pazi akaweka jembe chini.

"Bi Mwanahija anajua?" aliuliza.

"Bado, shemeji."

"Nenda kamwambie, mbele ya hao waliomsema. Na usiwataje wenye panya peke yao. Taja na ufunguo." Akarudi kupalilia.

Muhidini alimkuta Bi Mwanahija uani kwake, na wanawake wachache wa jirani wakisuka ukili pembeni. Aliamkia, akasimulia akiwa amesimama. Alipomaliza, Bi Mwanahija alimuuliza neno moja tu.

"Ule mkono wa mtoto, uliurudisha ndani ili umgeuze, au uliuvuta?"

"Niliuvuta, bibi."

Bi Mwanahija akajifunika uso kwa kanga. Wanawake wakasogeza mikeka yao karibu naye, na Muhidini akabaki amesimama.