Mama na Waya wa Bluu

Asubuhi ile fundi alitandaza gunia ukumbini ili asichafue sakafu, kisha akachafua kila mahali pengine. Mtaa mzima ulimwita Dakika Mbili, kwa sababu hakuwahi kukubali kazi bila kuahidi kwamba itakwisha kwa muda huo. Alikuja na boksi la waya wa mtandao, wa bluu, na kamera mbili, moja ya kuangalia geti na nyingine ya kuangalia sebule. Zilinunuliwa na Kaka Mkubwa, aliyekuwa akiishi mbali. Alisema nyumba ya wazazi haiwezi kuachwa hivi hivi bila macho.

Aliyekuwa akikaa humo ni Kitinda, mtoto wa mwisho, mwanamke wa makamo ambaye hadi leo huitwa kama mtoto. Ndiye aliyemuuguza mama mpaka akafa. Kwa maoni yake nyumba ilikuwa na macho mawili tayari, ila hakuulizwa.

Fundi hakuwa na msaidizi. Yeye alisukuma waya kwenye bomba la ukutani kutoka ukumbini, na Kitinda akapiga magoti sebuleni kungoja ncha itokeze.

"Umeuona?"

"Bado."

"Angalia vizuri, dada."

"Fundi, hili ni tundu moja. Niliangalie vizuri vipi?"

Mara boksi likaanza kuzunguka lenyewe, waya ukaingia ukutani kwa kasi.

"Usivute hivyo, utaukata!"

"Sijashika kitu."

Waliukuta chumbani kwa mama, umetokeza karibu na kitanda, umekunjwa duara safi, jinsi mama alivyokuwa akikunja kamba ya kuanikia nguo.

"Humu kuna nani?" fundi akauliza.

"Mama."

"Si tulimzika?"

"Tulimzika."

Fundi akajikuna kisogo. "Basi mwambie aachie. Mchana nina kazi kwingine."

Kitinda akashusha pumzi. Jambo lenyewe lilikuwa la kuchosha kulieleza. Mama alipokuwa mgonjwa, Kaka Mkubwa alikuwa akipiga simu mara mojamoja, akisema, "Mama, sikusikii, kuta za hiyo nyumba ni nene mno," na kukata. Mama aliamini. Alihamisha kitanda hadi dirishani, kisha hadi mlangoni, mpaka miguu ya kitanda ikachora sakafu. Mikwaruzo ipo mpaka sasa. Alipokufa, hakwenda walikokwenda wenzake. Aliingia ukutani kutazama ni kitu gani kinachozuia.

"Mama," Kitinda akasema, mdomo karibu na ukuta, "achia waya, tafadhali."

"Si ni wa kakako?"

"Ni wake, lakini ni wa geti."

"Geti lina habari gani ya kuzungumza naye?"

Fundi alijaribu kupita darini. Waya ukashuka kwa mama. Akatoboa ukuta wa nje ili auzungushe nyumba yote, mama akakohoa kwa vumbi, fundi akamwomba radhi, na waya ukaishia palepale. Kufikia adhuhuri nyumba ilikuwa na matundu kama chujio, na Dakika Mbili alikuwa ameacha kutaja dakika.

Kaka Mkubwa akapiga simu.

"Mmefikia wapi?"

"Mama anavuta waya."

"Mwambie aache."

"Mwambie mwenyewe, Kaka. Nakuweka spika, yuko hapa."

"Aa, nipo kazini sasa. Nitamtafuta mtandao ukitulia."

Sauti ya simu ilikuwa safi kiasi kwamba walisikia kijiko chake kikikoroga kikombe. Kitinda alisimama na simu mkononi. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja tu: kaka yake amsemeshe mama, walau mara moja, mama atoke humo ukutani akapumzike. Akamgeukia fundi.

"Ifunge humu humu."

"Kamera ya geti?"

"Humu, fundi. Itazame kitanda."

Hiyo ndiyo kazi pekee siku ile iliyokwisha upesi. Fundi alieleza kwamba kitaa cha kamera kikiwaka kijani, ujue kuna mtu anatazama.

Mama akatoka ukutani. Nywele zilikuwa na vumbi la saruji, Kitinda akampangusa kwa kitambaa, akamvalisha gauni la kutokea na kumfunga vifungo vya mgongoni ambavyo mikono yake haikuwahi kuvifikia. Mama akaketi, magoti pamoja, kama mtu aliyeitwa kupigwa picha. Kitaa kikawaka.

"Mwanangu," mama akasema, "unanisikia? Nimezikagua kuta za huku kote. Hazina kitu."

Kitaa kikaendelea kuwaka. Mama akangoja, akitabasamu kidogo. Fundi akavua kofia. Kisha kitaa kikazima, na simu ya Kitinda ikalia.

"Mbona naona chumba cha mama? Geti liko wapi?"

"Umemwona?"

"Nimemwona, ndiyo. Lakini picha inakwamakwama, sauti sijaipata. Si nilisema, kuta hizo ni nene. Mwambie fundi aihamishe."

"Kaka, yuko mbele yako. Sema naye basi, hata salamu tu!"

Simu ilikuwa imekatwa.

Mama alikuwa amesikia kila neno. Alivua viatu akaviweka sambamba chini ya kitanda, akakusanya pindo la gauni.

"Itakuwa upande wa jikoni," akasema. "Huko sijafika."

"Mama, jamani! Mama!"

Lakini mguu wa pili ulikuwa umeshaingia ukutani. Dakika Mbili akapanda juu ya stuli, akaanza kufungua skrubu za kamera.

Muda mfupi baadaye walimsikia akigonga ndani ya ukuta wa jikoni, polepole, akisogea. Kitinda akatupa kitambaa, akaenda huko akinung'unika, na kulivuta kabati la vyombo mbali na ukuta ili mama apate nafasi ya kupita.