Fundi Hapigiwi Honi

Fundi wa dizeli alikuwa na sikio, mwacheni tu. Basi likiwa bado halijapinda kona, alishakwambia ni lipi na linaumwa nini. Mapafu ndiyo yaliyomsaliti; moshi wa gereji ulikuwa umeyamaliza. Daktari alimwambia aache kazi ile mapema, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Kwa hiyo binti yake alipokabidhiwa basi la umeme, lisilotoa moshi hata chembe, mzee alitaka jambo moja tu kabla hajafa: alipande, aendeshwe na mwanawe.

"Kesho mchana napita hapa mlangoni, baba. Nitapiga honi."

"Honi ya nini? Tangu lini fundi akapigiwa honi? Nitakusikia mwenyewe, nitoke."

Wakacheka, wala hakuna aliyewaza zaidi.

Kesho yake binti alisimamisha basi mbele ya mlango, akangoja. Hakuruhusiwa kuacha usukani abiria wakiwa ndani, nao walishaanza kunung'unika. Akadhani hali imembana mzee, amelala. Akaondoka roho ikimuuma.

Jioni alipousukuma mlango, ulimgonga baba yake magotini. Alikuwa kitini nyuma ya mlango, ovaroli imepigwa pasi, viatu miguuni. Alikaa hivyo tangu asubuhi.

"Najua kazi zinabana, mwanangu," alisema taratibu. "Sikukasirika."

"Baba, nilikuja. Nilisimama hapo nje."

Mzee alimtazama sana. Kisha akaelewa, akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

"Kumbe halingurumi! Ujinga gani huu, na uzee wangu wote? Haya, kesho piga honi."

Kesho hiyo hakuiona. Alfajiri walimkuta amekata roho.

Kifo chake walikitarajia wote. Kilichomliza binti ni ule mlango, ubao mmoja tu kati yao, na honi iliyokuwa chini ya kiganja chake muda wote ule.

Msiba ulipokwisha, alirudi kazini. Alipofika pale mlangoni alisimamisha basi, akapiga honi, akaibonyeza kwa muda mrefu.

"Dereva, unamwita nani?" mama mmoja wa kiti cha mbele aliuliza.

"Baba yangu."

"Basi mngojee. Wazee hawakimbizwi."

Yule mama akasogea dirishani, akaacha nafasi ya mtu. Abiria wengine wakatulia, wakamngoja mzee atoke.