Mzee Musyimi Alivyokosa pa Kutua

Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane Mbinya alifika uwanjani saa mbili asubuhi, akakuta vimeletwa viti mia moja na ishirini badala ya mia mbili, na turubai moja lilikuwa na tundu la kupitisha kuku. Akalihamishia upande wa wageni wa heshima, kwa kuwa wao hufika jua likishapoa. Kisha akachukua ndoo ya chokaa na brashi, akaanza kuchora duara la wachezaji katikati ya uwanja, kama alivyofanya kila tamasha kwa miaka kumi na mmoja.

Kwakyelu ni mji mdogo wa kando ya barabara ya Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, na Mbinya ndiye aliyekuwa afisa wake wa sanaa za umma na shughuli za jamii. Cheo kilikuwa kirefu kuliko ofisi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bohari, alimokaa pamoja na mikebe ya rangi, vipaza sauti viwili, na mamba wa karatasi aliyebaki tangu siku ya watoto. Hata hivyo kazi yake ilionekana. Kwenye ukuta wa choo cha stendi palikuwa na wanawake wakipalilia pojo. Kwenye mzunguko wa barabara palikuwa na tikiti maji la saruji, na watu waliambiana wakutane kwa tikiti bila kukumbuka kwamba kuna mtu aliyelibuni.

Alichokipenda zaidi ni tamasha la ngoma. Alikuwa na miaka hamsini na miwili sasa, lakini akishika ile brashi ya chokaa alikuwa na miaka minane. Enzi hizo baba yake, Ndeti, alipiga ngoma uwanja huo huo kila Jumamosi. Vumbi lilianza magotini mwa wachezaji, likapanda kiunoni, mwishowe vikaonekana vichwa na filimbi tu. Wamama waliuza viazi vitamu vya kuchemsha kwenye karai, na harufu ya viazi na jasho na vumbi ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi. Aliyeruka juu kuliko wote alikuwa fundi wa baiskeli mmoja, Musyimi. Akiruka, Ndeti aliinua mikono na kunyamazisha ngoma, uwanja mzima ukanyamaza, hadi nyayo za Musyimi zigonge ardhi ndipo ngoma ikaendelea. Katika kimya hicho Mbinya hakupumua.

Ndeti alikufa zamani. Musyimi alikuwa na miaka sabini na mmoja, analima nyanya karibu na Kiboko, na mwaka huu alikuja na njuga zake kwenye mfuko wa unga. Alitaka kuruka mara moja tu.

"Nau," Mbinya alimwambia. Ndivyo Wakamba wanavyomwita baba, naye aliwaita hivyo wanaume wote wa rika la Ndeti. "Na magoti?"

"Magoti ni yangu. Wewe niambie kama uwanja uko sawa."

"Uko sawa. Tumeokota mawe yote."

Saa kumi kasoro robo akaruka. Aliruka vizuri, mgongo umenyooka, akajipindua mara moja, akafika usawa wa paa la duka, na hapo akabaki. Mpiga ngoma aliinua mikono jinsi alivyofundishwa na Ndeti, akangoja. Watu wakangoja. Baada ya dakika kumi mikono ya mpiga ngoma ilichoka, na mshereheshaji akaiita kwaya ya kanisa, ambayo ndiyo iliyofuata kwenye ratiba. Waliimba nyimbo tatu chini ya miguu ya Musyimi. Njuga zake zililia kidogo kila upepo ulipovuma, na mwalimu wa kwaya akawaomba sauti ya tatu wazifuate.

Kwaya ilipomaliza, Mbinya alisogea. "Nau, kuna shida?"

"Sina pa kukanyaga."

"Si duara ndilo hilo hapo chini?"

"Naliona. Nikishuka, linanikataa."

Jioni viti vilikunjwa. Kilonzo, msimamizi wa mji, alikuja na gari lake hadi ukingoni mwa uwanja, akateremsha kioo.

"Madam Mbinya, ruhusa yako ilikuwa mpaka saa kumi na moja."

"Tamasha limeisha, bosi. Amebaki mshiriki mmoja tu."

"Basi andika hivyo kwa ripoti."

Mbinya aliona kwamba Kilonzo hakumtazama Musyimi hata kidogo. Alitazama pembe nne za uwanja, moja baada ya nyingine, kisha akaondoka.

Jumapili, watu wa kanisa walipita kumsalimia Musyimi baada ya ibada. Mbinya alimpelekea muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na maharagwe kwenye kopo, akaliinua kwa mti mrefu wa kutundikia bendera. Mzee alikula, akashukuru, akasema huko juu hakuna baridi.

"Unajua naona nini?" aliuliza. "Naona duara letu."

"Nimelichora jana, Nau."

"Si la chokaa. La miguu. Liko kushoto kidogo, udongo wake umekaza, majani hayajawahi kurudi. Na hapo kando pamebonyea kama sahani. Ndipo baba yako alipokuwa akisimamisha ngoma."

"Wapi?"

"Songa hatua mbili. Rudi nyuma kidogo. Hapo hapo."

Mbinya alivua viatu. Udongo ulikuwa na joto, na kweli mguu wake ulizama kidogo kuliko penginepo, kwenye kijibonde ambacho alikuwa amekipita miaka kumi na mmoja akibeba nyaya na viti. Alisimama pale muda mrefu. Aliyakumbuka mabega ya baba yake, na jinsi alivyorudi nyumbani viganja vimevimba, akishindwa kushika kikombe, akinyweshwa chai na mama huku wote wawili wakicheka. Musyimi hakumharakisha.

Jumatatu alienda kwa Gedion, karani aliyetunza majalada ya ardhi ya mji. Gedion alimsikiliza, akashusha jalada la uwanja, akalisoma akifuata mistari kwa kidole.

"Ah," alisema. "Hapa ni kwa mtu."

"Kwa mtu vipi? Ni uwanja wa umma."

"Ulikuwa. Mwezi wa pili mwaka jana ulihamishiwa kampuni fulani. Ndiyo maana mzee hashuki. Huwezi kuingia kwa mtu bila kukaribishwa, si adabu."

"Basi mwenyewe amkaribishe."

"Mwenyewe ni kampuni, Madam. Haina mdomo." Akafunua ukurasa mwingine, akasita, kisha akaugeuza ili Mbinya auone.

Ilikuwa barua kutoka ofisi ya sanaa za umma. Ilisema kwamba tamasha la ngoma limepitwa na wakati na ofisi haiuhitaji tena uwanja huo. Chini yake palikuwa na sahihi ya Mbinya, na pembeni alama ya kidole gumba kwa rangi ya kijani.

Aliijua ile kijani. Alikuwa juu ya ngazi kwenye ukuta wa choo cha stendi, anamalizia majani ya pojo kabla jua halijakausha rangi, Kilonzo akaja na karatasi juu ya ubao. Alisema ni ya kuboresha uwanja. Mbinya alikuwa ameshika brashi kwa meno, akaitia sahihi bila kushuka.

Alivuka ua hadi ofisini kwa Kilonzo.

"Bosi, ile barua ya uwanja. Uliniambia ni ya kuboresha."

"Si wanaboresha? Wanajenga ghorofa nne." Kilonzo alikuwa anachonga penseli. "Mimi nilisema tu, Madam. Aliyesaini ni wewe. Na Jumatano wanazungushia mabati, kwa hivyo huyo mzee wako umtoe."

Alimwambia Musyimi alasiri hiyo hiyo, akiwa amesimama chini yake, shingo imeinuka. Alimwambia yote: ngazi, karatasi, brashi. Hakuficha kwamba hakusoma.

Njuga zililia, zikanyamaza.

"Siku hiyo ulikuwa unachora nini?"

"Pojo."

"Zile za choo cha stendi?"

"Ndizo."

"Ni nzuri zile," alisema mzee. "Hata mdudu anayezila pale juu unamwona." Lakini hakumwambia kwamba si neno, na Mbinya hakuthubutu kumwomba.

Jumanne asubuhi Abdiladif, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia hapo kutoka Garissa, alileta kamba ya kufungia mafahali. Musyimi aliidaka mara ya kwanza, akajifunga kiunoni. Mpango wa Mbinya ulikuwa rahisi: wamvute hadi sehemu nyingine ya umma, ashuke, aende nyumbani kwa nyanya zake. Gedion alitembea nao akiwa na daftari kubwa la viwanja chini ya kwapa, na nyuma yao wakafuata watu wa sokoni, wanakwaya, na mpiga ngoma na ngoma yake begani.

Walianza na kiwanja cha kuchezea cha watoto wa chekechea, palipokuwa na bembea ambazo Mbinya mwenyewe alizipaka rangi. Musyimi alinyoosha vidole vya miguu. Hakushuka hata inchi.

Gedion alifungua daftari. "Hata hapa," alisema.

Wakaenda soko la mbuzi. Abdiladif alikuwa ameuza mbuzi pale miaka kumi na tisa, na wiki iliyopita tu alikuwa amechimbia nguzo mpya za boma. Musyimi alining'inia juu ya nguzo hizo kama nguo iliyoanikwa.

"Hata hapa," alisema Gedion. "Mwezi wa tano."

"Na mimi sikuambiwa?" Abdiladif aliuliza.

"Hakuna aliyeambiwa."

Abdiladif alizungusha kamba mara moja zaidi mkononi, wakaendelea. Kwenye nyaya za stima mzee alikunja magoti. Walijaribu palipotengwa kwa maktaba. Walijaribu nyuma ya zahanati, ambapo akina mama hungoja chini ya mgunga kupima watoto. Kila mahali Gedion alifungua daftari na kusema maneno yale yale kwa sauti ile ile, na msafara ukazidi kurefuka, kwa kuwa kila walipopita mtu mmoja au wawili walifunga vibanda wakafuata waone ni wapi pamebaki.

Mbele ya duka lake Abdiladif alisimama. "Mzee, hapa ni pangu, hati ninayo. Nakukaribisha. Shuka unywe chai."

Musyimi akaanza kuteremka mara moja. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimekaribia kokoto alipoinua miguu tena.

"Asante, mwanangu. Umefanya la utu," alisema. "Lakini nikishuka hapa nimeshuka mgeni. Mimi niliruka nikiwa kwetu."

Abdiladif alikubali kwa kichwa. Hata yeye asingetaka tofauti.

Wakabaki na barabara kuu. Kati ya mtaro wa maji na ukingo wa lami kuna kipande cha ardhi, upana wake hatua mbili za mtu mzima, ambacho hakuna aliyekitaka kwa sababu malori hukaribia kukigusa. Gedion alilipekua daftari hadi jalada la nyuma, hakukiona. Walimvuta Musyimi hadi pale. Lori lilipita, upepo wake ukamyumbisha, ukatulia. Kisha akashuka, taratibu, kisigino baada ya vidole, na nyayo zote mbili zikakanyaga changarawe.

Mpiga ngoma alishusha mikono juu ya ngozi. Musyimi alimalizia hatua aliyoianza Jumamosi: mguu wa kushoto, mabega, shingo. Ilikuwa hatua fupi. Mbinya alilia akijifuta kwa fulana ya tamasha, na mzee alipomaliza akamshika bega.

"Mwiitu wa Ndeti," alisema, yaani binti Ndeti. "Siku nyingine teremka kwanza kwa ngazi."

Jumatano uwanja ulizungushiwa mabati. Mbinya aliandika barua tatu kwa ofisi tatu tofauti, akieleza jinsi sahihi yake ilivyopatikana, akataja na majina ya viwanja vingine vinne. Moja ilijibiwa. Jibu lilimshukuru kwa ushirikiano wake. Kilonzo alihamishiwa mji mkubwa zaidi, akafanyiwa sherehe ya kuagwa, na Mbinya ndiye aliyepewa kazi ya kupanga viti. Alivipanga. Gedion alilirudisha daftari kabatini. Ghorofa ikafika ya pili, ya tatu, na kila Jumamosi alasiri vumbi jekundu lilipanda katikati ya sakafu ya vigae na kufika magotini mwa wapaka rangi, wakalizoea, wakawa wanapaka rangi siku nyingine.

Mwezi wa nane uliofuata tamasha lilifanyika kando ya barabara kuu. Mbinya hakuchora duara. Alichora mstari mmoja mrefu wa chokaa, na wachezaji wakasimama juu yake mmoja nyuma ya mwingine. Wamama wa viazi vitamu walikaa ng'ambo ya mtaro, na bibi mmoja aliyekuja kutoka Kibwezi aliuliza duara liko wapi, akaonyeshwa ghorofa, akasema aa, akanunua kiazi. Musyimi ndiye aliyewafundisha vijana wiki zote za mazoezi. Wasiruke kwenda mbele wala kwenda kando, aliwaambia, kwa kuwa upande mmoja ni mtaro na upande mwingine ni lami. Waruke wima. Filimbi ikalia, ngoma ikanyamaza, wakaruka wote kumi na wanne, na kila mmoja akashuka palepale alipotoka, huku Mbinya amesimama ukingoni mwa lami na kitambaa chekundu mkononi, amewapa mgongo, anatazama malori yanayokuja.