Nyanya za Njia Nyepesi

Ijumaa jioni Leonila aliwakusanya watu wote wa kijiji cha Peñalbilla kwenye baa yake, akafunga mlango, akasimama mbele ya mashine ya kahawa kama mwalimu mkuu siku ya matokeo. Watu wote maana yake ni watu kumi na tisa, toa wawili waliokuwa na mafua.

"Kesho anakuja mkaguzi wa njia za matembezi," alisema. "Ataanzia kule kinuni, afuate mto mpaka hapa mlangoni kwangu. Kilomita tisa. Akitumia chini ya saa tatu, njia yetu inaandikwa nyepesi, anaipendekeza kwa familia, watu wanakuja na watoto wao, na baa inabaki. Akizidisha, mimi Krismasi nafunga. Mmenielewa?"

Walimwelewa. Jengo la baa lilikuwa mali ya halmashauri, na halmashauri ilishamwambia bila kuuma maneno kwamba haiwezi kuendelea kugharamia taa za wazee wanne wanaocheza karata. Leonila alikuwa na miaka sitini na tisa. Akirudisha ufunguo, angehamia mjini Zaragoza kwa binti yake, ghorofa ya sita, chumba kinachotazama ukuta. Binti alikuwa mtu mwema na alishamnunulia kitanda. Kila Leonila alipokifikiria kitanda kile kipya, usingizi ulimruka kwenye hiki cha zamani.

"Kwa hiyo asisimamishwe na mtu," akaendelea. "Akipita, mnasema habari za asubuhi, basi. Mjomba Eutimio, nakutazama wewe."

Eutimio hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale, ila kijiji kizima kilimwita hivyo. Alilaza karata zake kifudifudi. "Nimefanya nini tena?"

"Bado hujafanya. Ndiyo maana nakwambia leo."

"Na akishikwa na kiu?"

"Ana chupa yake ya maji."

"Maji ya chupa," alisema shangazi Obdulia kwa sauti ya huruma, kama aliyeambiwa kwamba mkaguzi ni yatima.

Leonila hakutaka utani. Akawaapisha mmoja mmoja mbele ya picha ya Mtakatifu Roko iliyoning'inia juu ya chupa, na yeye mwenyewe akaapa wa mwisho, kwa sababu alijijua.

Isemwe hapa, hata kama wenyewe watanuna: watu wa bonde lile hawajui kumwacha mtu apite. Mgeni akikatiza mbele ya bustani yako na hukumwonjesha kitu, umemtukana. Akikataa kuonja, amekutukana yeye. Ziko nyumba mbili pale kijijini hazijasalimiana tangu mwaka 1958 kwa ajili ya bakuli la cheri, na waliogombana walishakufa zamani.

Asubuhi Leonila alipanda roshani na darubini ya marehemu mumewe, ile aliyokuwa akitafutia kware. Saa tatu kamili aliiona kofia nyekundu ikitoka kinuni. Mkaguzi, Evelio Santolaria, alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, kifaa cha kupimia kimening'inia shingoni, na alikwenda kwa mwendo wa mtu mwenye kazi zake. Saa tatu na dakika ishirini alikuwa ameshavuka daraja la kwanza. Leonila alitabasamu peke yake.

Kisha ikaja bustani ya Eutimio. Mzee alikuwa amempa mgongo, anapalilia, kama alivyoapa. Mkaguzi akasalimia. Eutimio akaitikia. Mkaguzi akapita. Leonila alikuwa ndiyo anashusha pumzi alipomwona Eutimio ananyanyuka, anavua kofia, anajikuna kichwa, anaivaa tena, halafu anatoka mbio kumfuata na nyanya mkononi, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga.

Leonila akapiga simu. Kwenye darubini alimwona Eutimio akiitoa simu mfukoni, akiitazama, na kuirudisha. Akatoa kisu. Akatoa chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Wakakaa kivulini, na baada ya nyanya likaja gudulia la mvinyo, lile la mdomo mrefu, na mkaguzi akafundishwa kulinyanyua juu na kunywa bila kuligusisha midomo. Shati lake halikufundishika.

Shangazi Obdulia naye hakumsimamisha mtu. Alitoa meza tu, akaiweka katikati ya njia, akatandika kitambaa, na juu yake kimanda cha viazi kinachotoa moshi. Pembeni aliweka viti viwili.

"Mimi sikumsimamisha," alimwambia Leonila baadaye, uso mkavu. "Kama meza ilimsimamisha, kagombane na meza."

Saa nane mkaguzi alikuwa amefika nusu ya njia. Saa tisa alikuwa amelala chali chini ya miti mirefu ya kando ya mto, kofia usoni, kwa sababu Obdulia alimwambia kutembea na tumbo lililojaa jua likiwa kali ni kujitafutia kifo. Leonila alishusha darubini akaenda kuosha glasi zilizokuwa safi.

Mkaguzi alifika baa saa kumi na mbili jioni, amebeba boga kwapani, chupa ya pichi zilizolowekwa kwenye mvinyo, na vitunguu vimemning'inia begani kama mkufu. Aliketi taratibu sana.

"Mama," alisema, "mimi nimepanda milima yenye theluji Agosti. Sijawahi kuchoka hivi."

Akatoa fomu. Leonila alimwona akiandika: muda, saa tisa na dakika tano. Ugumu, mkubwa.

"Ulikuwa unakula," alisema.

"Kifaa hakijui kula. Kinajua kutembea na kusimama."

"Na mimi kifaa chako kinanipeleka Zaragoza."

Akamweleza habari za baa na za kitanda, bila kulia, kwa sababu hakuwa mtu wa kulia mbele ya vitunguu vya mwenziwe. Evelio alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kanuni inaruhusu kurudia kipimo mara moja, moja tu, na kwamba angerudi Jumamosi ijayo.

Wiki ile Leonila hakumchekea mtu. Alipita nyumba kwa nyumba. Hakuomba kiapo tena, alitoa amri: Jumamosi kila mtu ndani, madirisha yamefungwa, pasionekane hata kuku. "Na wewe, shangazi, hiyo meza itoke sebuleni uone."

Jumamosi ilipofika, kutoka roshani bonde lilionekana kama limehamwa. Kofia nyekundu ilivuka daraja la kwanza, ikapita bustani ya Eutimio, ikapunguza mwendo. Ikasimama kidogo. Ikatazama huku na huku, ikaendelea. Kwa Obdulia ilisimama tena, na Leonila akamwona mkaguzi akigonga dirisha kwa adabu, akisubiri, akiondoka. Aliumia. Aliumia kama aliyegongewa yeye mwenyewe.

Evelio aliingia baa baada ya saa mbili na dakika kumi, akazima kifaa, akakaa. Kwa uso wake ungesema anatoka mazikoni.

"Hongera," alisema. "Nyepesi."

"Ahsante, Don Evelio."

"Nimewakosea nini?"

"Nani?"

"Wao. Sikumaliza kile kimanda, najua. Kilikuwa kingi." Alipapasa kofia yake magotini. "Leo sikunywa hata chai nyumbani, nikijua nakuja huku."

Leonila alimwekea glasi ya maji. Maji matupu. Jikoni kulikuwa na sufuria ya kondoo na maharage iliyokuwa motoni tangu alfajiri. Aliipika kwa mazoea tu, alijiambia, wala si kwa ajili ya mtu.

Mkaguzi aliandika muda, akaandika nyepesi, kisha kalamu ikasimama. "Hapa wananiuliza kama napendekeza familia zije," alisema. "Mama, nisamehe. Nyepesi ni nyepesi, hilo siwezi kulibadilisha. Lakini nimwambie mtu atoe watoto wake mjini waje kutazama madirisha yaliyofungwa? Hiyo sahihi haitoki."

Leonila alitazama picha ya Mtakatifu Roko, akaona hakuna msaada. Akaenda mlangoni kupata hewa.

Alipoufungua, Obdulia nusura aangukie ndani, maana sikio lake lilikuwa kwenye ubao. Nyuma yake walikuwa wamejazana wote, hata wale wawili wa mafua, kila mtu na sahani iliyofunikwa kitambaa. Mbele kabisa alisimama Eutimio, matope mpaka magotini, na nyanya mkononi.

"Namfuata tangu darajani," alisema. "Kwa huku matetini. Kajikwaa mara mbili maskini, nami nimejibana tu." Alichungulia ndani. "Kifaa amekizima?"

"Amekizima."

"Basi kiapo kimekwisha."

Wakaingia. Hakuna aliyemwuliza Leonila. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafika jikoni, anaipua sufuria. Obdulia akaondoa ile glasi ya maji kwa ncha za vidole, kama kitu kilichokufa, na Eutimio akakata nyanya palepale juu ya kaunta, akaitia chumvi, akasimama mbele ya mgeni akisubiri.

Evelio alikula. Baada ya kipande cha tatu aliivuta fomu akatia sahihi, na maji ya nyanya yakachirizika juu ya muhuri wa ofisi ya mkoa.

Kibao kilisimamishwa kinuni mwezi wa Aprili. Kimeandikwa umbali, kilomita tisa, ugumu, nyepesi, muda, saa mbili na dakika kumi, na chini yake, kwa herufi ndogo: wakikuachia.

Familia ya kwanza ilitoka kinuni saa tatu asubuhi, baba, mama na watoto watatu. Leonila aliifuata kwa darubini mpaka bustani ya Eutimio, ikakaa kivulini, akaona hakuna haja ya kuendelea kutazama. Alipunguza moto chini ya sufuria, kisha akampigia simu binti yake.

"Kile kitanda," alisema, "nitumie huku. Hawa watafika jioni, na kwa jinsi watakavyokuwa wameshiba hakuna atakayeweza kurudi."