Tuta la Saba

Fundi aliyejenga njia ya mashindano ya pikipiki alikuwa mwanamke, na wale waliosema haiwezekani walikwisha kula vumbi lake zamani, enzi zile alipokuwa akishindana mwenyewe. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea, akahamia kwenye katapila, na watu wakamwita Mama Matuta. Chama cha waendeshaji kilimkabidhi machimbo ya udongo yaliyoachwa nyuma ya karakana za mji. Kilimwomba njia ambayo mtu wa kawaida atashindana juu yake Jumapili, na Jumatatu aende kazini akiwa na viungo vyake vyote.

Na watu wenyewe wa kawaida ndio hao! Mwalimu wa hesabu mwenye kitambi, muuguzi mmoja asiyejua breki ni ya nini, na ndugu wawili wauza nyama waliogombania kila kona kana kwamba ni mirathi ya baba yao. Kulikuwa pia na fundi cherehani mwenye mvi ambaye wenzake walimwita Mkasi, kwa jinsi alivyoukata upepo. Huyo alikuwa mume wa Mama Matuta. Alianza mchezo ule uzeeni, umri ambao wanaume wenye akili zao hujinunulia kiti cha kuegemea. Lakini ukimpenda mtu unampenda pamoja na upuuzi wake, na mama huyu alimpenda mumewe kupita kiasi.

Kwa hiyo kila kona aliijenga akimfikiria yeye. Aliokota mawe kwa mikono mpaka kucha zikakatika. Alipanga matairi makuukuu pembeni mwa kona na kuyafunga kwa kamba, ili atakayeteleza agonge mpira badala ya mwamba. Kila asubuhi aliunyunyizia udongo maji, vumbi lisimpofushe mtu.

Tuta la saba ndilo lililomnyima usingizi. Kwa kweli yalikuwa matuta mawili yenye shimo katikati. Aliyelirukia kwa kasi alivuka. Aliyepungukiwa na kasi alitumbukia shimoni na kupasua kifua kwenye ukingo wa pili. Mama Matuta akalijaza shimo udongo, akaushindilia, tuta likawa na mgongo bapa kama meza. Tangu siku hiyo aliyepungukiwa alitua juu ya meza na kuendelea na safari yake akicheka.

Walicheka sana, na kucheka kwenyewe ndiko kulikoanza kumtia hofu.

Yeye alizisoma alama za matairi nyuma ya tuta kama mtu mwingine anavyosoma gazeti. Mwanzoni zilikuwa juu ya meza. Baadaye zikafika kwenye mteremko, mahali hasa pa kutua. Kisha zikaupita mteremko, zikaanza kuonekana chini kwenye ardhi ngumu, ambapo kutua ni sawa na kudondoka kutoka juu ya paa. Mbele ya hapo ilikuwa kona. Na alama iliyotangulia nyingine zote ilikuwa ya tairi moja lenye meno mapana, tairi alilolichagua mwenyewe sokoni kwa ajili ya mumewe. Kila alipofika asubuhi, alama ile ilikuwa imesogea.

Alimwendea mwenyekiti wa chama, mtu aliyeitwa Bwana Filimbi kwa kuwa filimbi haikumtoka shingoni hata kwenye vikao.

"Nimewaondolea woga," alimwambia. "Wakijua hawataumia, wanafungua moto wote. Nataka kulirudisha shimo."

"Shimo? Kesho kuna mashindano, mama! Watu watasema tumewatega."

"Kulishusha tuta ni kazi ya wiki nzima. Shimo nalichimba leo hii. Wakiliona watashika njia ya pembeni, ile niliyowachongea wasiotaka kuruka. Mtu huogopa anachokiona."

"Na asipoliona?"

"Ataachaje kuliona? Hakuna anayewasha pikipiki kabla hajaitembea njia yote kwa miguu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mchezo huu. Hata mimi na ubingwa wangu wote sikuthubutu kuivunja."

Bwana Filimbi akakuna kichwa, mwishowe akakubali.

Asubuhi hiyo hiyo kabla hajatoka nyumbani, Mama Matuta alikuwa amekwisha kumbembeleza mumewe, aliyekuwa akipiga pasi suruali ya mteja.

"Mume wangu, punguza kasi kwenye la saba. Nakuomba. Mwenda pole hajikwai."

Kwa kawaida Mkasi angemjibu kwa mzaha. Sikio lake lilikuwa la kufa, halikusikia dawa. Tangu siku ya harusi alikuwa akiambiwa avae koti na hakuvaa. Lakini safari hii alimtazama mkewe, akayaona macho yaliyokesha, akaiweka pasi chini.

"Haya, mama. Nimekusikia. Nitapunguza."

Mkewe hakumwamini hata kidogo. Ndiyo maana alichimba.

Alichimba mchana kutwa, mpaka katikati ya tuta pakabaki shimo lenye kina cha mtu kusimama. Kutoka upande wa kupandia halikuonekana. Uliona udongo, kisha mbingu. Alizima katapila akaenda stoo, upande wa pili wa uwanja, kuchukua miti na utepe wa kuzibia njia. Hakufanya haraka. Alijua hakuna mtu.

Mlinzi alimkuta mlangoni mwa stoo, uso umejaa tabasamu.

"Leo umeshinda, mama! Mzee amefunga duka mapema. Kaingia na pikipiki yake sasa hivi, anasema anakwenda kujizoeza kupita la saba polepole, kama alivyokuahidi."

Utepe ukamponyoka mkononi. "Ameitembea njia?"

"Kuitembea?" Mlinzi akacheka. "Siku hizi nani anaitembea? Njia yako imekuwa salama kama sebule, mama. Wanawasha tu na kuondoka."

Alikimbia, na magoti yaliyokuwa yamegoma yakakubali. Injini ilikuwa imekwisha kunguruma. Aliisikia ikizunguka kona ya matairi, ikipanda la tano, ikishuka, ikilikabili la sita. Alipiga kelele mpaka koo likamkereketa, lakini mtu aliyevaa kofia ngumu hasikii kitu. Tuta bado lilikuwa mbali.

Kasi ya siku zote ya mumewe ingemvusha shimo. Ingemtupa kwenye ardhi ngumu, pengine ingemvunja mguu, lakini ingemvusha. Mama Matuta alijikuta akiomba kile alichokuwa akikikataza.

"Tia moto," alisema huku akilia. "Tia moto, mume wangu, usinisikilize."

Pikipiki ikatokeza chini ya la saba. Aliuona mgongo wa mumewe umenyooka, umetulia, mgongo wa mtu anayetimiza neno lake. Kisha akausikia mngurumo ukipungua, taratibu, hadi tuta likammeza.