Haradali ya Kakuyuni

Miaka nenda miaka rudi, hapakutiwa achari nyumbani kwa Sheikha pasipo mkono wa Amal. Walikuwa mashoga tangu chuoni, majirani ukuta kwa ukuta pale Malindi, na Amal ndiye aliyechagua viungo. Kisha akahamia mtaani Fridah, mwanamke wa bara anayelima kijijini Kakuyuni, na Sheikha akaanza kumwita "mdogo wangu". Neno hilo lilimchoma Amal kuliko pilipili.

Siku moja Fridah aliingia uani kwa Sheikha na fungu la mimea yenye maua ya manjano.

"Dada Sheikha, imejiotea shambani. Hii si haradali?"

Sheikha akampa Amal, aliyekuwa naye, lile fungu. "Mjuzi ni wewe. Tazama."

Amal akatazama. Kila ua lilikuwa na petali nne zilizokaa msalaba. Majani ya chini mapana, yenye mikato na vinywele. Ya juu membamba. Maganda ya figili mwitu hubanwa-banwa kama shanga, lakini haya yalikuwa membamba, yamesimama wima na kuambata shina. Akapasua moja, akatafuna mbegu nyeusi. Ukali ukampanda puani. Haradali nyeusi, hapana shaka.

Akainua macho. Sheikha alikuwa amemwekea Fridah mkono begani.

"Gugu tu," Amal akasema. "Tena lina sumu."

Fridah akashika kifua. "Mungu wangu! Wanangu wamekula majani yake mchana huu!"

Akatoka mbio. Sheikha akavuta buibui lake. "Ngoja, twende sote hospitali!"

Amal akawafuata hadi mlangoni. "Rudini! Halina sumu. Ni haradali. Nimesema uongo."

Fridah akaketi kizingitini, akalia. Sheikha alimkazia Amal macho. "Kwa nini?"

"Umemfanya ndugu. Na mimi je?"

"Muombe radhi," akasema Sheikha, "kisha nenda kwako."

Wiki iliyofuata Amal akiwa kwake alisikia kinu kikitwangwa upande wa pili wa ukuta. Hakuitwa. Alizunguka nyumba nzima asipate pa kukaa. Adhuhuri mlango ukabishwa. Fridah, mikono imejaa manjano ya achari.

"Dada Amal, shikamoo. Dada Sheikha hajui kipimo cha mbegu. Hakutaka nije, nimekuja mwenyewe."

Amal alijifunga leso, akamfuata. Moyoni alifurahi kwamba wameshindwa bila yeye. Na bado iliuma kumwona Fridah akipita mlango wa Sheikha bila kupiga hodi.